Vigingi Arobaini na Viwili

Izigo, 6 Mei 2024

Dada Joanitha,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mimi, Evelyne na watoto hatujambo. Kile kikohozi cha Evelyne kimekwisha. Mama anaendeleaje na moyo wake? Simu yangu hupokei tangu tugombane juu ya kibanja, shamba hili alilotuachia baba, basi nimeona niandike. Buberwa wa basi ameahidi kukukabidhi mkononi.

Dada, hasira iweke kando siku moja tu. Mvua zinaisha na bustani imechanua yote. Kila Jumamosi familia zinatoka Bukoba, watoto wanachuma maua, wakubwa wanakunywa chai ya mchaichai na mujaja. Ulisema nimerukwa na akili kufyeka migomba ya Taata nipande maua. Njoo basi umwone kichaa wako anavyopendwa na watu! Mlete Mama Jumamosi hii. Hata ule upande wa chini uliokuwa pori niliusafisha mwezi wa tatu. Ile miti mitano ya mlamula ya mpaka wa zamani niliing'oa, nikasawazisha ardhi, na mashina nikayakata vigingi vya kuonyesha matuta. Vimetoka arobaini na viwili, sikununua hata kimoja.

Mdogo wako,
Clavery

*

Ijuganyondo, 14 Mei 2024

Mdogo wangu Clavery,

Tulifika salama, na asante kwa ndizi. Watoto hawajaacha kuzungumzia maua. Mimi ni mzima. Mama si mzima, ndiyo maana naandika haraka.

Uliona alivyokaa chini katikati ya waridi, akakataa chai, akakataa kupigwa picha. Ukadhani amechoka na safari. Tulishuka basi Ijuganyondo. Ndipo akasema, "Wamemng'oa Kamugisha."

Clavery, tulikuwa na kaka. Ni mtoto wa kwanza wa Mama na Taata, alikufa ana miezi mitatu, kabla ya kubatizwa. Hakuwekewa msalaba. Taata alipanda mlamula kichwani pa kaburi lake, kisha akapanda mingine minne kwa mstari ili watu waone mpaka na waache kuuliza. Sisi hatukuambiwa. Wewe uliona mpaka. Hata mimi ningeona mpaka, kwa hiyo sikulaumu kwa hilo.

Mama anataka kuzikwa ubavuni mwa mwanawe, na daktari ameshaniita pembeni. Siku ile alikuwa anapatafuta mahali penyewe, akashindwa kupatambua. Patafute. Nakuomba, sikuamuru.

Dada yako,
Joanitha

*

Izigo, 2 Juni 2024

Dada,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yangu kama bado anaipokea. Huku tunaamka, ndiyo habari tuliyonayo.

Nimemuuliza Mzee Ildefons, jirani yetu. Anakumbuka msiba, hakumbuki mahali. Anasema tu "kule chini". Nimechimba matuta sita kwa mikono yangu. Udongo niliusawazisha vizuri mno. Nilikuwa najisifu kwa ule usawa.

Na kuna jambo lingine. Vigingi vimechipua. Vyote, Dada, kila kimoja kina majani. Nilisahau kwamba mlamula haufi ukikatwa, ukiuchomeka unaota. Nilivichomeka mwenyewe kila tuta mpaka getini, na sasa bustani nzima ina alama ya kaburi lake. Kimoja au viwili au kumi vimetoka kwenye mti wake, sijui ni vipi. Wageni wanaviegemea wakipiga picha. Mimi naogopa kukanyaga shamba langu, napita kando kando ya uzio.

Mdogo wako,
Clavery

*

Ijuganyondo, 20 Juni 2024

Clavery,

Natumaini mnaendelea. Mama hali tena, ni maji tu kwa kijiko. Kila asubuhi anauliza, "Clavery amempata?" Jana aliuliza mara nne.

Joanitha

*

Izigo, 24 Juni 2024

Dada Joanitha,

Msomee Mama barua hii polepole. Nimempata. Yuko upande wa rozmeri, karibu na mparachichi. Nilikuta rozari ndogo ya mbao, nikaiacha palepale, nikarudisha udongo na kuzungushia mawe. Mahali pa Mama ubavuni mwake pameandaliwa. Mama asihangaike tena.

Mwanawe na mdogo wako,
Clavery

*

Izigo, 7 Oktoba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Hatujaandikiana tangu tumzike Mama mwezi wa saba. Afya zetu ni nzuri. Usingizi wangu ndio mbaya.

Hapakuwa na rozari. Sikumpata. Nilichoka, nikachagua mahali penye kivuli, nikaandika. Nilimdanganya mama yangu akiwa anakufa na nimemlaza peke yake.

Juzi Jumamosi ilikuja familia moja ya Bukoba. Binti yao Lilian, ana kama miaka mitano, akamuuliza mama yake, "Yule bibi amepoteza nini?" Hapakuwa na bibi. Mtoto akaonyesha kwa kidole kigingi kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. "Sasa yuko pale. Ameinama. Sasa yuko pale." Mama yake akacheka. Mimi nilimwaga birika zima la chai.

Nifanye nini? Niving'oe vigingi? Nifunge bustani? Niambie, nitafanya.

Clavery

*

Ijuganyondo, 9 Oktoba 2024

Mdogo wangu Clavery,

Marahaba. Tuko salama, na wewe ujitahidi kulala.

Mama alijua. Nilipokuwa namsomea barua yako ya Juni, kwenye rozari alinisimamisha, akacheka kidogo. "Rozari ya nani? Mtoto hakubatizwa, na mimi siku hizo sikuwa na rozari." Nilitaka nikupigie nikutukane. Akanishika mkono. "Mwana wange, mwache. Akijua kwamba najua, atachimba mpaka ajizike mwenyewe. Wanilaze popote mle. Nikishafika, nitamtafuta mwenyewe."

Nilidhani ni maneno ya mgonjwa, nikayanyamazia. Nisamehe kwa kukuacha ubebe peke yako.

Usiking'oe hata kimoja. Jumamosi nakuja na watoto. Tukimkuta Mama bado anapita kwenye matuta, tutampisha.

Dada yako,
Joanitha