Keki Kabla ya Jibu

Jumatatu, 4 Novemba

Ijumaa tunafungua jibu! Miaka sita ya kunasa antihaidrojeni, yaani haidrojeni ya kinyume, ndani ya chupa ya sumaku — ikigusa ukuta tu, kwisha habari yake — na kuimulika kwa leza tuone inaitikia rangi gani. Vitabu vinasema rangi ileile ya haidrojeni ya kawaida, bila hata chembe ya tofauti. Ikitofautiana, vitabu viandikwe upya. Nimejizuia kutamani. Uongo: natamani sana.

Jibu hakuna anayelijua, hata mimi ninayelikokotoa. Miwani, ndivyo tunavyomwita mwenzangu, ameongeza namba ya siri kwenye kila kipimo, nisije nikavuta hesabu upande ninaoutaka. Mwenye namba haoni hesabu, mwenye hesabu hajui namba. Tuliapa sote. Na mimi ndiye niliyempendekeza aitunze! Nani mwingine? Tulilala chumba kimoja hosteli ya chuo, binti yangu anamwita mama mdogo. Amemwahidi mtoto kwamba kitufe cha kuondoa namba ya siri na kuonyesha jibu atabonyeza yeye. Gauni limeshachaguliwa.

Jumanne, 5 Novemba

Uchovu. Heliamu ya kupozea sumaku imechelewa kuletwa, Profesa, mkuu wetu wa maabara, kamfokea kila mtu, kisha akatununulia kahawa. Miwani kaitafuta miwani yake ya leza chumba kizima — iko kichwani, kama kawaida. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 6 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kantini kuchukua chai. Mpishi akaniita jikoni nione kitu, ila nisimwambie mtu. Keki kubwa, nyeupe, na maandishi ya sukari ya bluu: SAWA KWA SAWA! Nikauliza kaagiza nani. Yule mwenzako wa miwani kichwani, akasema, tangu wiki iliyopita. Akaniuliza kama herufi zimekaa vizuri. Nikasema zimekaa vizuri.

Wiki iliyopita! Rangi ni ileile, keki inasema — mtu anaagizaje keki ya jibu ambalo halijafunguliwa?

Nimemtetea kichwani njia nzima. Labda utani. Labda kuna keki ya pili yenye maneno mengine — nikarudi kuuliza. Ni moja tu. Hapo nikakumbuka mwezi jana: aliniambia nivitupe vipimo vya wiki ya tatu, leza ilikuwa inayumba. Nikavitupa. Sikuangalia, ningeanzaje kumkagua Miwani? Leo nimeangalia kumbukumbu za leza. Leza haikuyumba hata kidogo. Ilitulia tuli.

Nikamfuata chumba cha leza. Hakukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Profesa alimbana, anasema, naye akampa namba, wakaiweka pamoja na hesabu zangu. Akataka kuniambia wiki ya tatu ilionyesha nini — nikaziba masikio kwa mikono miwili, kama mtoto. Naona tu kwamba haikuwapendeza.

"Tukitangaza tofauti halafu iwe kosa, tutachekwa dunia nzima, maabara ifungwe. Wewe una mtoto. Nilikuwa nakulinda, dada."

Dada! Wamenizunguka, halafu ananiita dada. Nimelia chumba cha pampu. Kule kuna kelele, hakuna anayesikia.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama kapiga simu. Kauliza kama hivyo vitu vyetu vya kinyumenyume vimeanza kulipa. Halafu, kama siku zote: "Msalimie mwenzio wa hosteli." Nikasema nitamsalimia.

Nimemwambia Profesa kwamba najua. Akafunga mlango. Anasema jibu ni lilelile, vitabu haviwezi kukosea, wamepunguza takataka tu. Nikamwuliza, sasa kama haviwezi kukosea, tunapima nini? Akaangalia saa yake.

Kipimo kinatupwa kabla ya kujua kinasema nini, si baada. Siyo sheria ngumu! Hata binti yangu anaijua: ukichungulia kwenye kujificha, mchezo unaanza upya.

Jioni, wenzangu walipoondoka, nimeirudisha wiki ya tatu kwenye hesabu. Yote. Sijamwambia mtu. Mimi niliyekuwa nalalamika kufichwa!

Ijumaa, 8 Novemba

Niko chumba cha pampu tena. Nimesema nakwenda kuangalia presha. Presha haina shida yoyote.

Kule wamejaa. Wageni wa Profesa mbele, keki imefunikwa kitambaa. Binti yangu kakaa mapajani kwa Miwani, kidole tayari, kavishwa ile miwani ya leza, inamfunika nusu ya uso. Anacheka. Miwani kaniangalia kwa ile sura yake ya hosteli, ya kuomba radhi bila kufungua mdomo. Nilikuwa naisamehe kila mara, sura hiyo. Leo nilitamani kumnyang'anya mtoto wangu.

Nampenda bado. Sitaki kumwona tena. Yote mawili ni kweli.

Nikisema walichofanya kabla ya kitufe kubonyezwa, kazi yake imekwisha, na yangu pengine. Nikinyamaza, litatoka jibu ambalo hata wao hawalijui. Inaweza kuwa sawa kwa sawa vilevile. Inaweza isiwe. Na jina langu ndilo la kwanza kwenye makala.

Mlango unagongwa. Binti yangu.

"Mama, njoo! Tunakusubiri wewe tu. Mama mdogo kasema usiogope, yeye anajua itakavyokuwa."

Nimemjibu nakuja. Bado nimekaa.