Picha Moja, Namba Mbili

Malaba, Jumatatu

Asekenye mwanangu,

Mama yako amepona mafua, anauliza kama unakula. Ng'ombe wa shangazi Among amezaa ndama jike.

Sasa la kazi. Ile picha ya lori la yule dereva Phanuel, iliyopigwa na kamera yenu ya geti la mpakani, nilimwomba fundi aipitishe kwenye mashine yenu ya kusoma namba mara kumi nikiona. Mara sita ilisoma namba ya gari ikiwa na tatu, mara nne ikiwa na nane. Kwa tofauti hiyo Phanuel amekaa rumande siku kumi na moja, akidaiwa kubandika namba bandia.

"Mzee, ningebandika saa ngapi na gari iko kwa foleni?" aliniuliza.

Jibu unalo wewe. Uliniambia kwa simu kwamba mashine hujumlisha hesabu nyingi kwa mpigo, bila kufuata mpangilio uleule kila mara, na tarakimu zikifanana, jibu linaweza kugeuka. Ulisema mnaweza kuilazimisha ifuate mpangilio mmoja, ila ingechelewesha malori. Halafu ukaniuliza habari za mvua.

Siwezi kuiandika habari hii, kwa kuwa wewe ni binti yangu. Nimempa mwandishi mwenzangu Linet daftari langu, isipokuwa maneno yako. Hayo utayasema mwenyewe. Atakupigia Jumatano saa nne asubuhi. Kesi inatajwa Alhamisi.

Wakikufuta kazi, njoo nyumbani. Chumba chako nimeshakifagia.

Baba yako,
Echodu