Boriti Yenye Matundu

Mahurunga, 5 Machi 2023

Shikamoo Bibi,

Natumaini miguu imepungua kuvimba, na Baba Mdogo Shafii na watoto hawajambo. Sisi wazima. Naandika kwa kuwa kwenye simu husikii, nami nikipaza sauti mtaa mzima unanisikia, naona aibu.

Mpesheni wako umechanua mpaka juu ya paa lakini hautungi matunda. Nyuki wadogo wanajaa, kesho yake maua yamedondoka. Baba amesema usipotunga hadi Idi anaung'oa, apate pa kuanikia korosho. Nilitaka ukirudi uukute.

Lile jiko la miti tumelibomoa, sasa lipo la matofali. Nakumbuka unga wa mbao ulivyotudondokea kwenye ugali, ukaniambia ni chumvi ya babu.

Mjukuu wako,
Nasra

Mikindani, 14 Machi 2023

Marahaba mke mwenzangu,

Miguu inanifikisha mlangoni, nashukuru.

Boriti zile mmezipeleka wapi? Unga ule ni wa nyuki weusi wakubwa, hutoboa miti mikavu wakaishi humo. Babu yako hakukubali boriti yenye matundu ichomwe. Hao wadogo wezi tu. Ua la pesheni limebeba unga wake wa njano juu. Mdogo anapita chini, anakunywa, anaondoka mgongo safi. Mkubwa akiingia mgongo unasugua, anaupeleka kwenye ua jingine.

Kwa sasa fanya wewe kazi yake. Mchana maua yakifunguka, chukua unga wa njano kwa kidole kwenye mpesheni wa jirani yenu Hawa, upake vile vijiti vitatu vya juu vya ua letu. Unga wake wenyewe mpesheni unaukataa. Kabishe hodi, Hawa hang'ati.

Mke mwenzio,
Bibi Mwanaamina

Mahurunga, 9 Juni 2023

Shikamoo Bibi,

Pole na miguu. Huku hatujambo.

Boriti fundi alizifanya kuni. Kwa Hawa nilisimama uani muda mrefu, mpaka akaniuliza, "Umekuja kuniposea maua yangu?" Alicheka, lakini kila mchana akaniachia mlango wazi. Halafu akanipa gogo la mkorosho mkavu kutoka kwenye uzio wake wa miti, nyuki weusi wamo ndani. Nimelifunga chini ya paa la jiko jipya. Sasa kidole changu kimepumzika.

Baba aliziona pesheni za kwanza. Turubai lake la korosho amelihamishia nyuma ya nyumba.

Nakutumia kikapu cha pesheni. Chumba chako nimekifagia. Unakuja lini?

Mjukuu wako,
Nasra

Mikindani, 20 Juni 2023

Marahaba mke mwenzangu,

Pesheni nimekula mpaka Shafii akanionea wivu. Ni zile zile.

Nilipofika huku mwaka jana nilipanda mbegu moja ya pesheni uani, na jirani ana mpesheni wake. Wangu umechanua, hautungi. Nitumie kipande cha gogo. Jioni nyuki wakishaingia wote, ziba matundu kwa kitambaa kibichi.

Bibi Mwanaamina

Mahurunga, 2 Julai 2023

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta siku ya kuja. Kisha nikaona umesema ulipanda ulipofika tu, nikajua ulikwenda kukaa.

Gogo nimelikata katikati, Hawa akilishika. Nusu Baba atakuletea Jumamosi, matundu nimeyaziba. Likifika, lifungue mwenyewe uani, ukae karibu. Nyuki hao hawavumi kwa sauti kubwa.

Nusu nyingine ipo bado chini ya paa la jiko. Leo unga umenidondokea kwenye ugali. Sikuutoa.

Mke mwenzio,
Nasra