Vipande vya Muwati Katika Springi

Makambako,
Wilaya ya Njombe.
18 Agosti 1957

Mpendwa mdogo wangu Anania,

Nimemkosea mwanao Sila. Nakwambia hilo kwanza, nisije nikajificha nyuma ya salamu. Kamwene. Huko Tanga kwenye mkonge hamjambo? Kifua chako je? Sisi wazima, ila baridi inatukata.

Umesikia kwamba Sila aliangusha gari la Bwana Enoki wa Mdandu, abiria wake Mama Getruda akavunjika mkono. Umesikia pia kwamba alikuwa anakimbiza. Maneno hayo yalitoka kwangu.

Gari lile lililetwa gerejini kwangu. Springi zake za mbele, zile za chuma kilichozungushwa, zilikuwa zimechoka, pua inainama. Mpya zilikuwa hazijafika kutoka Iringa, na Bwana Enoki ananihimiza. Nikachonga vipande vya mti wa muwati, nikavigongomea katikati ya mizunguko. Gari likasimama wima, akanisifu.

Lakini springi, ndugu yangu, kazi yake si kusimamisha gari tu. Tairi likigonga shimo, springi inabonyea, inameza pigo. Kisha inajinyoosha na kulisukuma tairi chini, lisiachane na barabara. Mimi niliizuia isibonyee. Tairi likawa linaruka, na tairi likiwa hewani halisikii usukani.

Sila aliniambia, "Baba Mkubwa, mbele linaruka kama mbuzi." Nikamjibu, "Wewe shika usukani, gereji niachie mwenyewe." Kesho yake, kwenye kona ya kwenda Igwachanya, likamshinda, likaingia korongoni. Bwana Enoki akaniuliza sababu. Nikasema, mwendo. Vile vipande nikavitoa, nikavichoma jikoni.

Sila akafukuzwa kazi. Sokoni vijana wanamwita Bwana Mwendo. Jana akaja kwangu, akasema, "Baba Mkubwa, labda kweli nilikimbiza, sikumbuki tu." Nikamweleza yote. Akaniuliza jambo moja, "Kwa hiyo mwendo wangu ulikuwa wa kawaida?" Nikamwambia, ndiyo, mwanangu. Akainama, akalia.

Msalimie shemeji Telesia, na Zipora. Mama Lucia anawakumbuka nyote. Mungu akupe pumzi nzuri na usingizi.

Usiwe na wasiwasi juu ya mtoto. Springi mpya zimefika, nimezifunga, na gari bado liko kwangu. Jumamosi tarehe 24, siku ya soko, tutalipeleka Mdandu. Sila ataendesha, mimi nitakaa pembeni yake. Nitasimama mbele ya Bwana Enoki, Mama Getruda na vijana wale, niseme kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu, na kwamba Sila arudishiwe kazi yake.

Kaka yako anayekupenda, hata katika aibu hii,
Abrahamu