Baraka kwa Jina Gani

Nam Dinh, Vietnam
3 Machi

Mama mpenzi,

Naomba baraka zako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na mvua imefika huko nyumbani Quixadá au mbuzi bado wanatafuna maboksi? Mimi mzima, ila baridi ya huku ni ya majimaji, nguo hazikauki.

Mama, nimekuwa raia wa hapa. Nilikula kiapo, nikapewa jina la kwao: Tran Gia Minh. Wiki ijayo naingia kambini na timu yao ya taifa. Watu walinipongeza, wengine walilia. Mimi sikusikia kitu, kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno. Nina miaka thelathini na moja, Brazili haijaniita hata kwa bahati mbaya, na hawa wameniita.

Unakumbuka nadhiri yako? Nilipokuwa nacheza mpira pekupeku ulimwahidi Mtakatifu Fransisko kwamba nikivaa jezi ya timu ya taifa, utampelekea jezi hiyo kanisani kwake Canindé kwa miguu. Hukutaja taifa gani. Ahadi ni deni, Mama! Jezi wameshanipa, ina jina jipya mgongoni; naituma pamoja na barua hii.

Mwanao,
Chagas


Quixadá
22 Aprili

Chagas,

Sijambo, mgongo ni uleule. Mvua imenyesha, nimepanda maharagwe. Jezi imefika. Nyekundu kama gari la zimamoto.

Baraka uliyoomba sijui niitume kwa jina gani. Ulizaliwa hulii, wa buluu, mkunga akakufunika shuka. Nikamwambia mtakatifu: mpe pumzi, nami nitampa jina lako. Ukalia. Ndiyo maana wewe ni Francisco das Chagas, jina lake na madonda yake pamoja, maana Chagas ni madonda. Jina hilo si langu wala si lako, hatuwezi kulibadilisha kama shati.

Zuleide jirani aliniuliza mlangoni pa kanisa, watu wakisikia, "Lindalva, kumbe ulizaa Mchina?" Nikamwambia, "Mvietnam, mjinga wewe, nunua ramani." Wakacheka. Nilifika nyumbani nikalia mpaka wali ukaungua.

Jezi nimeifungia sandukuni. Mtakatifu simpelekei kitu cha mtu nisiyemjua. Na usinipigie simu. Kwenye simu huwa unanichekesha, na sitaki kucheka.

Mama yako


Hanoi
15 Juni

Mama mpenzi,

Naomba baraka zako. Hujambo? Miguu bado inavimba? Barua yako niliipata. Nilikujibu kichwani mara nyingi, kalamu sikuishika.

Jana nilicheza. Nilifunga kwa kichwa, mpira wa kona. Uwanja mzima ukaimba "Gia Minh! Gia Minh!" nami nikageuka kutazama nani anaitwa. Nahodha akanirukia mgongoni huku anacheka: "Ni wewe, bwege! Ni wewe!" Nikainua kidole juu kwa mtakatifu, kama kawaida yangu. Sijui kama alinitambua.

Baadaye nilikula, nikaoga, nikalala. Furaha yote ilikuwa ya wenzangu, mimi nilikuwa naiangalia tu.

Mwanao,
Chagas


Hanoi
30 Agosti

Mama,

Naomba baraka zako. Natumaini u mzima, maana sijapata neno kutoka kwako tangu ile barua ya jezi.

Goti limeniteguka mazoezini. Wamelipasua, na daktari anasema huenda nisicheze tena. Alilibonyeza akauliza, "Panauma?" Nikasema hapana. Akabonyeza zaidi. Hapana. Akatazama picha zake, akanitazama mimi, akasema pangepaswa kuuma.

Desemba wananirudisha nyumbani. Naogopa, Mama, na woga ndicho kitu pekee ninachokisikia. Niambie ukweli: nikibisha hodi, utanifungulia?

Mwanao


Quixadá
8 Oktoba

Mwanangu,

Mimi mzima, isipokuwa nyayo zimejaa malengelenge, na sababu ni wewe. Nimetoka Canindé. Nilivaa joho la kahawia la mahujaji, na Zuleide akanifuata akilaani kila kilima. "Mtakatifu wako huyu, Lindalva, alishindwa nini kuishi karibu?"

Nilimchukulia mtakatifu goti la mbao, ili lako lipone. Na jezi nimeichukua pia. Nadhiri niliiweka mimi kwa mdomo wangu. Nilisema "timu ya taifa" tu kwa sababu sikudhani kuna nyingine. Kwanza nilijaribu kulibandua lile jina kwa pasi. Herufi ya kwanza ikaanza kunuka, nikaona kama namchoma mtu, nikaacha.

Pale Nyumba ya Miujiza, wanapotundika miguu na vichwa vya mbao, mtawa aliniuliza namwombea nani. Nikasema namwombea Francisco. Akacheka: "Mama, huku kila mtu ni Francisco! Yupi sasa?" Nyuma yangu foleni ndefu, Zuleide ananifinya. Nikasema: yule anayeitwa Gia Minh. Nikalitamka sawasawa. Nililijua tangu siku uliyofunga lile bao, maana niliitazama mechi kwa Zuleide nikakataza mtu asikwambie. Nilikuona ulivyogeuka.

Jezi imetundikwa karibu na dirisha. Mtakatifu akitaka kujua ni Francisco yupi, asome mgongoni.

Mungu akubariki, Chagas. Mungu akubariki, Gia Minh. Hodi ya nini nyumbani kwenu? Sukuma tu mlango, kwa nguvu kidogo, unakwama chini kama zamani.

Mama yako


Hanoi
5 Novemba

Mama,

Nimezipokea baraka zote mbili. Barua ilinikuta hospitalini kwenye mazoezi ya viungo, nikaisoma nimelala kitandani. Muuguzi akaukunja mguu kama anavyoukunja kila siku, nikapiga ukelele mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Maskini, akaniomba radhi. Nikamwambia aendelee.

Goti linauma, Mama. Linauma sana.

Mwanao