Aproni ya Baba

3 Juni

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu tele, na zikibaki mpe huyo mwenye nyumba wako anayebania maji. Huku wazima, ila goti langu linalia kuliko mlango. Habari za mtaani zipo, muuza mkaa kaoa tena, nitakusimulia. Kwanza nikugombeze.

Barua yako imenishinda kusoma. Nikadhani ni mimi, niliyeishia darasa la tatu, nikampelekea fundi pikipiki wa hapa jirani. Naye kashindwa! Wewe uliyekuwa unawaandikia mtaa mzima barua za mapenzi, leo herufi zimelaliana kama walevi. Unaumwa? Umeanza kunywa? Nipe ukweli, usinifanye mtoto.

Dada yako

14 Juni

Dada, shikamoo.

Nimefurahi kusikia wazima, na pole na goti. Sinywi. Ni baridi. Unajua kazi yangu ni kupeleka dawa kwenye zahanati za mlimani, na mvua ya huku haina huruma. Pikipiki ina kinga za mikono, yale makombe ya plastiki mbele ya usukani, lakini ni madogo kama visosi. Upepo unapita juu, maji yanapita chini. Nikifika vidole vina ganzi, hata kalamu haishikiki. Jumanne niliminya breki kwenye kona, vidole vikagoma. Nikaishia kichakani. Sikuumia. Usimtangazie mtu, nakujua.

Aproni ya Baba, ile ya ngozi ya kushonea viatu, nitunzie. Nikija likizo naichukua. Sina kitu chake kingine.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Na mikono haijambo? Mimi sijambo. Ulisema nisimtangazie mtu, basi nimemwambia fundi pikipiki tu. Na mkewe. Na muuza mkaa, alikuwa amesimama pale pale.

Fundi ana pikipiki kama yako. Nikaipanda kupima, gauni likapanda na lenyewe, watu wazima na akili zao wakanipigia makofi! Haya, sikiliza. Kwenye kifurushi kuna vipande viwili vya dumu la mafuta na mifuko miwili ya ngozi niliyoshona. Vifunge kwa boliti kwenye visosi vyako, vizidi juu na chini. Halafu vivishe ile mifuko ya ngozi, mkono unaingia kwa nyuma. Nimeacha nafasi vidole vifike kwenye breki na klachi bila kukwama, na ukikata kona ngozi haigusi tangi. Kila mshono nimeupaka nta ya mshumaa, kama Baba alivyokuwa anapaka viatu vya watu msimu wa mvua.

Ngozi nimetoa wapi? Usiulize, vaa.

Dada yako

13 Julai

Dada,

Leo shikamoo imegoma kutoka.

Sikuuliza. Ngozi imenijibu yenyewe. Mfuko wa kulia una doa la gundi, pale Baba alipopiga kopo teke siku nilipomletea matokeo ya mtihani, aliporuka kunikumbatia. Nilikwambia itunze, ukachukua mkasi. Bila hata kuniuliza! Mdomo wako unafanya kazi kwa kila mtu isipokuwa kwangu?

Nimeifungia mifuko yako sandukuni. Nitakurudishia. Usiniandikie tena.

1 Agosti

Wewe mtoto wa baba yangu,

Wazima tupo, asante kwa kutouliza. Hata "mdogo wako" ulishindwa kuandika. Nililia, halafu nikakasirika, na hasira imenikaa vizuri kuliko machozi.

Ulidhani aproni ni yako peke yako? Nani alikuwa anamfungulia Baba kamba mgongoni kila jioni, mikono yake ikiwa hoi kwa kushona viatu? Nimeikata jicho moja nimelifumba kwa uchungu! Ile haikuwa picha ya ukutani. Baba aliivaa ili kisu kisimchome tumbo. Imening'inia msumarini miaka minne tangu tumzike, panya wameshaanza kuitafuna upande wa shingoni. Nikutunzie aproni, na wewe nikutunze wapi? Kichakani? Siku ukiporomoka bondeni, ndiyo nikuvalishe ikiwa nzima?

Irudishe hiyo mifuko! Tena upesi. Ila anwani kwenye kifurushi uandike mwenyewe, siku ya mvua, ukishuka tu kwenye pikipiki. Nione kama nitaisoma bila fundi.

Dada yako, upende usipende

9 Septemba

Dada, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima.

Kifurushi usikingoje. Hasira bado ninayo, na siyo ndogo. Ulitakiwa uniulize, na hilo nitakwambia tena nikija, uso kwa uso, mbele ya muuza mkaa ukitaka. Halafu mfuko wa kushoto ulibana, kidole gumba kilikuwa hakifiki kwenye honi. Nimefumua upande mmoja nikashona upya. Mshono wangu mbovu, Baba angenizaba kibao.

Mvua iko wiki ya tatu. Leo nimeteremka kutoka zahanati ya juu kabisa, njia nzima inanyesha. Nimeingia ndani sasa hivi. Koti linachuruzika sakafuni, chai sijaigusa, nimekaa moja kwa moja kukuandikia.

Hii umeisoma mwenyewe?

Mdogo wako