Redio Yako Iko Chini ya Kitanda Changu

Leeds, Uingereza

Kwako Baba yangu, mzee wa posho mili,

Kabla hujaenda mbali, vaa miwani na utafute kiti. Usimpe kaka Muli akusomee. Barua hii ni yako peke yako, ndiyo maana nimeiandika kwa mkono kama zile za shule ya bweni badala ya kukupigia. Nimempa Zainabu, rafiki yangu wa kazini ambaye kwao ni Mwingi. Anakuja likizo na ameapa ataifikisha mpaka mlangoni. Mpikieni chai ya maziwa, huku tunakunywa maji ya rangi tu.

Goti linaendeleaje? Na mbaazi je, zimeshika maua ama jua limezimaliza? Muli aliniambia mvua ilichungulia huko kwetu Matinyani ikaenda zake. Yule mbuzi mweusi amezaa? Na mama, Mwaitu wetu, bado anajifanya mgongo haumuumi? Niambieni ukweli, msinifiche eti kwa sababu niko mbali. Mimi sijambo. Baridi ipo, kazi ipo, na wazee ninaowatunza hapa wananipenda na kunitukana siku hiyo hiyo. Namshukuru Mungu.

Haya, sasa tuingie kwa redio, maana najua macho yako yameruka hizo salamu zote yakiitafuta.

Ulinipa masharti, Baba, na nimeyabeba kichwani kama amri kumi. Ulisema umechoka na redio za sokoni, vibakuli vya plastiki tu. Ulitaka redio ya maana, inayoshika masafa yote, kuanzia kule chini kabisa kwenye stesheni za mbali mpaka juu wanakoongea marubani wakipita juu ya Kitui kwenda Nairobi. Itumie betri ya gari, kwa sababu stima yetu ni ya kubembeleza. Iwe na gurudumu la kuzungusha kwa vidole. "Usiniletee kitu cha kupapasa kioo," ulisema. "Mimi si mtoto wa juzi."

Nilitafuta duka miezi mingi. Nikapata moja la mzee anayeuza redio za watu kama wewe tu, wale wanaokaa masikio wima wakitafuta sauti kutoka upande mwingine wa dunia. Kumbe mko wengi! Nilidhani ni ugonjwa wa nyumbani kwetu peke yake. Nilipomwambia kwamba baba yangu amevuta waya wa eriali kutoka kwa mwarubaini mpaka paa la jikoni, huyo mzee alifurahi akaniletea kiti. Akasema hapa mjini taa na mitambo imejaza kelele hewani, na kwamba wewe huko Matinyani utasikia vitu ambavyo yeye anavisikia ndotoni tu. Nilijivuna, Baba. Nilijivuna kabisa.

Akanionyesha tatu. Ya kwanza ni kisanduku kidogo kisicho na uso wala mkono, kinaunganishwa na kompyuta. Akasema hiyo ndiyo inashinda zote kwa kusikia. Nikamuuliza, sasa baba yangu atazungusha nini, hewa? Akairudisha kwa shelfu. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, kioo kikubwa kinachoonyesha mawimbi kwa rangi, na spika yenye sauti nene. Ya tatu nzito kama jiwe la kusagia, nyeusi, na gurudumu lake ukiligusa linazunguka polepole bila kukwaruza. Mimi moyo wangu ulienda kwa ya tatu. Lakini redio ni yako, masikio ni yako, kwa hivyo nikaamua uchague mwenyewe.

Unakumbuka ile siku Muli alikuja na simu akakuchezea sauti nilizorekodi? Nilimwomba mzee wa duka atafute stesheni moja dhaifu iliyobanwa na jirani yake mwenye nguvu, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Enzi zile ukinipeleka Kitui mjini kuangalia redio, wewe hukuwa unajaribu stesheni kubwa. Ulikuwa unatafuta ile inayosukumana na nyingine, unainamisha kichwa, na ukisikia mluzi mwembamba nyuma ya sauti ya mtangazaji, unairudisha redio mezani. "Inapiga mluzi. Twende." Mwenye duka akituona tunaingia alikuwa anakumbuka ghafla kazi nyuma ya pazia. Nilikuwa naona aibu, na huku najua hakuna baba mwingine mwenye masikio kama hayo.

Basi nikarekodi ya pili na ya tatu, stesheni ile ile. Ya tatu ilikuwa safi. Ya pili, woi! Mluzi ulikuwa unatoboa kichwa. Karibu niifute, halafu nikasema wacha, mzee aisikie aikatae mwenyewe, tucheke.

Jibu lako ninalo bado kwa simu. Unasema kwa sauti yako ile ya kutoa hukumu, "Hiyo ya kwanza kucheza ndiyo redio. Sauti nene, kimya nyuma, hakuna uchafu. Nunua hiyo." Na nyuma yako, Baba, Mwaitu anasikika akisema, "Muli, zima hicho kitu, kinapiga mluzi mpaka meno yanauma." Halafu anakohoa kama aliyejisahau.

Hiyo ya kwanza kucheza ilikuwa ile yenye mluzi.

Nilisikiliza tena na tena. Nikajiambia labda simu ya Muli ni mbovu. Lakini Mwaitu alisikia kwa simu hiyo hiyo, akiwa mbali kuliko wewe, akichambua mbaazi. Kwa hivyo nilirudi dukani, na sasa nakuambia wazi, nilikutega. Ile redio ya tatu ina kitufe cha kukata mluzi. Nikarekodi stesheni moja mara mbili, kwanza mluzi ukiwepo, kisha umekatwa, nikakuuliza tofauti ni gani. Ukanijibu kwa hasira, "Umenitumia kitu kimoja mara mbili. Unapoteza bando."

Baba, masikio yako yamepungua.

Nimeiandika hiyo kwa mstari wake peke yake ili usiipite. Najua umekunja uso sasa hivi. Najua unataka kuikunja hii karatasi pia. Ngoja kwanza, nimalize.

Kati ya zile redio zako tatu za nyumbani ulizosema spika zimekufa, ile ya rangi ya fedha Muli anaisikiliza kila siku pale posho mili, na spika yake ni nzima. Kamati ya wazee kanisani uliiacha ukisema siku hizi wanaongea chini chini kama wezi. Nilimpigia Muli nikamuuliza, akasema wanaongea vile wameongea siku zote. Yeye mwenyewe umemshtaki kwamba anapanga mambo ya shamba na Mwaitu mkiwa mezani, wakinong'ona usijue. Muli! Huyo hawezi kuficha hata siri ya kuku aliyetaga. Alilia akiniambia, mtu mzima na ndevu zake.

Na mimi je? Kila nikipiga, unasema "Netiweki mbaya, ongea na mama yako," unampa simu, unaenda zako. Ulianza hivyo muda mfupi baada ya mimi kufika huku. Mimi nilidhani umenichoka. Nilidhani bado una kinyongo kwamba niliacha kazi ya kufundisha nikaja kuosha wazee wa wenyewe. Nimelala na hilo jambo kifuani, Baba, nikiamka nalo naenda nalo kazini. Kumbe sauti yangu nyembamba imo kwenye zile unazozikosa. Ya pasta unaisikia, ya Muli unaisikia nusu, na yangu imekwisha kabisa. Niliponyoosha hayo mambo yote kwa mstari mmoja, nilikaa kwa ngazi za lile duka la redio nikalia hadharani, mpaka yule mzee akatoka na kikombe cha chai.

Sijui kwa nini hatukufikiria mapema. Miaka yote ile umesimama kando ya injini ya dizeli ya kusaga mahindi, watu wakija na magunia yao wanapiga kelele ndiyo uwasikie, na wewe hukuwahi kuziba masikio hata kwa pamba. Injini ndiyo ilikula hizo sauti nyembamba. Sauti nyembamba ndizo huenda kwanza, hiyo nimefundishwa huku kazini. Ndiyo maana unajiona unasikia sawa. Unasikia nusu ya maneno ya mtu anayeongea, nusu ile nyingine unajazia mwenyewe, na siku hizi unajazia ubaya.

Wewe utasema ni uzee, na uzee hauna dawa. Sikubali. Hapa kuna bibi mmoja ninayemtunza, alikataa vifaa vya masikio kwa sababu alisema vinamfanya aonekane kikongwe. Watoto wake wakija kumtembelea wanamsalimu, halafu wanaongea wao kwa wao, na yeye anakaa katikati akitazama midomo. Anatabasamu wakitabasamu. Wakiondoka ananiuliza walikuwa wanasema nini. Sitaki, Baba. Nakataa kabisa. Wewe uliyesikia dunia nzima kwa waya uliofungwa kwa mwarubaini, siwezi kukuacha ukae hivyo nikiwa na akili zangu na mshahara wangu.

Sasa sikiliza mpango. Redio nimenunua. Ndiyo, ile ya tatu, nzito, yenye gurudumu. Iko chini ya kitanda changu kwenye boksi lake, na kila usiku nakanyaga kona yake nikienda kulala. Inashika kila kitu ulichoomba, marubani wakiwemo. Zainabu angeweza kuja nayo, alikuwa na nafasi kwa mzigo wake na alinisihi. Nimekataa. Haitoki chini ya kitanda hiki mpaka uende kliniki ya masikio Kitui mjini, ukae kwenye kile kiti, uvalishwe vile vya masikioni na upimwe. Muli atakupeleka, nimeshaongea naye. Vifaa vikihitajika nitanunua mimi, na ni vidogo, vinajificha nyuma ya sikio. Hata pasta hatajua, labda umwonyeshe kwa maringo, na nakujua, utamwonyesha.

Usiniambie niwe na adabu. Adabu ninayo, wewe ndiye uliyenipa. Lakini wewe pia ndiye uliyenifundisha kutonunua redio kabla ya kujua shida iko wapi. Nikikuletea redio sasa, utaiwasha, utasema spika yake imekufa, na hiyo nayo itaenda posho mili kwa Muli. Muli ana redio za kutosha!

Najua pia unaogopa. Hukusema, na hutasema, lakini mtu anayeacha kamati aliyoiongoza, anayempa mkewe simu kabla mtoto hajamaliza kusema "Baba", huyo anajua kuna kitu. Nadhani ulijua kabla yetu. Kama ni hivyo, pole sana kwa kulibeba peke yako. Sasa tuko wengi, litakuwa jepesi.

Nisalimie Muli, kaka yangu mvumilivu, na mke wake. Shangazi Kalekye anayeuza sukuma wiki pale sokoni mwambie kanga zake zitakuja. Mchungaji wetu na mama mchungaji wapate salamu, na majirani wa upande wa mto walionisindikiza siku ile nikiondoka. Wale watoto wa Muli wabusu kwa niaba yangu, na wakikuongelesha, waambie wakuje mbele yako waongee polepole. Wanadhani babu amewakasirikia. Wadogo hao sauti zao ni nyembamba kuliko yangu.

Mwaitu nimemwacha mwisho. Huyu mama amekusemea miaka sijui mingapi. Akikaa karibu na wewe kanisani anarudia tangazo kama anayejiuliza mwenyewe. Mgeni akiuliza swali, yeye anaanza jibu ili wewe umalizie. Wote tulidhani anapenda kuongea. Hakuniambia hata neno moja la shida yako, nilimbana kwa simu akaniambia nisimvunjie heshima mume wake, akakata. Kwa hivyo usirudi ndani sasa na kumuuliza nani alisema nini.

Kasirika ukitaka, Baba. Nimezoea hasira zako, hazijawahi kuniua. Ila nenda ukiwa umekasirika hivyo hivyo. Na pale kliniki wakikuuliza ni nani aliyekwambia husikii vizuri, usimtaje Mwaitu, usimtaje Muli. Sema, "Ni Mutheu, binti yangu, yuko Uingereza, ana mdomo mkubwa, na nataka kusikia anachosema."

Ni mimi,
Mutheu wako